Kaki Tuliyoamriwa Kuichoma

Juzi kijana mmoja, fundi wa hapa hapa mtaani, alinipitia barazani kunionyesha shati aliloshona. Kazi nzuri, sikatai. Mshono umenyooka, matundu ya vifungo hayana nyuzi zinazoning'inia. Lakini juu ya mabega ameweka vile vipande viwili vya kitambaa, kila kimoja na kifungo chake. Nikamwuliza, "Hivi ni vya nini?" Akasema, "Ni mtindo, babu. Vijana wanaupenda." Nikamwuliza vinashika nini. Akacheka. Hajui. Amekata kitambaa, amemaliza uzi, ametoboa matundu, na hajui vinashika nini.

Vinashika mkanda wa risasi, usiteleze begani askari anapokimbia. Ndiyo kazi yake. Kama huna bunduki, huna haja navyo. Nawaambia ninyi mnaojifunza ushonaji sasa, maana mimi vipande hivyo nimevishona mpaka vidole vikaota sugu, na siku moja nikavibandua vyote, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari hiyo. Mnaniuliza bei ya cherehani.

Nilijifunza kazi enzi za Mjerumani, kwenye karakana ya jeshi hapa Morogoro, si mbali na reli. Mkubwa wetu sisi mafundi alikuwa Fundi Mwinshehe, mtu wa Bagamoyo, mrefu, mkavu, asiyepandisha sauti hata cherehani ikimkatia uzi mara kumi. Juu yake alikuwapo Mjerumani ambaye jina lake halisi lilitushinda kulitamka. Tulimwita Bwana Kola. Alijua tunamwita hivyo, na nadhani alilipenda jina lenyewe.

Msinielewe vibaya. Bwana Kola alikuwa fundi. Kwao alishona makoti ya watu wakubwa kabla hajaingia jeshini, na alikuwa na jicho ambalo sijaliona tena kwa mtu. Alimtazama askari anavyoingia mlangoni, akachukua chaki, akachora kwenye kitambaa bila futi, na koti likamkaa yule mtu kama amezaliwa nalo. Tatizo lake lilikuwa shingo. Alitaka kola isimame. Ndani ya kola tulitakiwa kuweka kipande cha turubai, kisha tuishone safu juu ya safu mpaka iwe ngumu kama gome la mti, na mbele ifungwe kwa ndoano ndogo chini ya kidevu. Huku ni Morogoro. Mnalijua jua la hapa, linavyopiga mlimani na kurudi mjini. Askari walikuwa wanatoka gwaride na shingo zimechubuka, wengine wanapaka samli chini ya kola ili isikwaruze, samli inaloweka kitambaa, na Bwana Kola anatuuliza sisi kwa nini kola zina madoa.

Fundi Mwinshehe alimwambia siku moja kwa adabu zote, "Bwana, tukitoa turubai, shingo itapumua."

Bwana Kola akamjibu, "Shingo hapana pumua. Pua inapumua."

Huwezi kubishana na mtu wa namna hiyo. Tuliendelea kuweka turubai.

Nguo yenyewe mkitaka kuijua ilikuwa hivi. Koti la kaki la mikono mirefu, mifuko kifuani, vifungo vya madini. Suruali ya kaki, na kutoka gotini kushuka chini askari alizungushia vitambaa virefu mpaka kwenye viatu. Kichwani tarbushi iliyovikwa kaki, na nyuma yake kitambaa kinachoning'inia kufunika kisogo. Kile cha kisogo kilikuwa na akili, nakiri. Mengine yalibuniwa na mtu aliyekaa kwenye baridi akifikiria joto.

Sasa shikeni jambo moja la kazi. Kaki mpya, kaki yoyote ngumu ya pamba, usiikate kabla hujailoweka. Ilaze kwenye maji usiku kucha, ianike kivulini, ipige pasi, ndipo ukate. Ukikata kabla, utakuwa umemshonea mtu mwingine, mfupi kuliko yule aliyekuja. Fundi Mwinshehe alitufundisha hivyo na Bwana Kola naye alijua hivyo. Lakini ikaja amri kutoka kwa wakubwa wake kwamba kuna gwaride kubwa, kundi zima livae nguo mpya, na muda hakuna. Bwana Kola akasema tukate hivyo hivyo. Fundi Mwinshehe akasema, "Bwana, mvua ikinyesha tutaaibika." Bwana Kola akasema mvua haijapewa ruhusa.

Ilinyesha. Mliozaliwa hapa mnajua wingu la Uluguru halisubiri ruhusa ya mtu. Askari wamesimama kwenye uwanja wa boma, wamelowa, jua likatoka tena kali, na nguo zikaanza kuwapanda. Shaushi Marjani, sajenti mmoja wa Kisudani aliyejipenda kuliko maharusi, alikuwa ameniomba kwa siri nimbanie suruali mapajani ili apendeze. Alirudi karakanani akitembea kama mtu mwenye jipu.

"Fundi," akaniambia, "nikate na mkasi. Haivuliki."

Tulimkata. Kesho yake Fundi Mwinshehe akachapwa viboko uani kwa nguo kurudi na kuwa fupi, wakati aliyeamuru zikatwe bila kulowekwa yupo mlangoni anatazama. Siku ya tatu Bwana Kola alileta dawa ya kupaka mgongoni, akaiweka juu ya cherehani ya Fundi Mwinshehe, akaenda zake. Fundi akaisogeza pembeni akaendelea kushona. Mpaka leo nikilikumbuka tukio hilo sijui nimkasirikie nani zaidi, na nimeshakuwa mzee, hasira zenyewe zinanichosha.

Kisha vita ikaja, na kaki ikaisha. Meli za kwao haziwezi kufika, Mwingereza amefunga bahari. Tukaanza kushona kwa pamba iliyosokotwa na akina mama wa misheni huko milimani na kufumwa huku huku. Nguo ilikuwa nyeupe, nene, yenye mafundo. Askari aliyevaa nguo nyeupe porini anaonekana toka mbali kama kunguru mweupe. Ikabidi tuitie rangi.

Fundi Mwinshehe akasema anaijua dawa. Kwao pwani wanawake wanachemsha mizizi ya mdaa kutia rangi ukili wa mikeka. Tukachimba mizizi, tukaiponda, tukaichemsha kwenye mapipa. Pipa la kwanza likatoa rangi nzuri kabisa, kaki yenyewe, mpaka Bwana Kola akampiga Fundi begani kwa furaha. Pipa la pili likatoa rangi ya ndizi mbivu. La tatu likatoa rangi ambayo sina jina lake, kama maji ya kuoshea masufuria. Mizizi ile ile, maji yale yale ya mto Morogoro, moto ule ule. Fundi akasema mizizi mingine ilikuwa michanga. Akasema majivu yamezidi. Akasema chuma cha pipa kinaharibu. Kila siku alikuwa na sababu mpya, na mimi nilikuwa nakoroga mvuke ukinichoma macho, namwamini asubuhi na simwamini jioni. Nguo zile za njano zikapata mvua, rangi ikatiririka kwenye miguu ya askari mpaka ndani ya viatu.

Jambo la maana ni kwamba Bwana Kola alizikataa nguo zote zisizofanana. "Hapana sawa," alisema, akizitupa upande. "Jeshi ni rangi moja." Watu wanakwenda kupigana wamevaa viraka, na ghalani kwetu rundo la makoti mazima linafika karibu na dari, kwa kuwa hili ni la njano na lile ni la kahawia. Yote yana kola, na kola zote zina turubai.

Siku Mjerumani alipoamua kuuacha mji na kupanda milimani, tulijua kabla ya kuambiwa. Barabara ilijaa. Ng'ombe, mizigo, wagonjwa kwenye machela, na wapagazi. Wapagazi hao walikuwa Waluguru wenzangu, waliokamatwa mashambani kwao na kuteremshwa mjini kama walivyo, mtu na kipande cha nguo kiunoni. Waliwekwa kwenye uwanja nyuma ya karakana wakisubiri kupewa mizigo. Walikuwa wanatakiwa kuipandisha huko huko juu walikotoka, kupita kwenye baridi ya milima mpaka upande wa Kisaki, mvua juu yao, risasi nyuma yao.

Nikapita katikati yao nikitafuta sura, nikamwona mjomba wangu Kobelo, ndugu wa mama, mtu aliyenilea. Amekaa chini, magoti kifuani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Walinikuta kwenye maharage," akasema. "Hata blanketi hawakuniacha nichukue. Kule juu tutaganda, mwanangu. Hawa wa bondeni hawajui."

Nilirudi karakanani na kukuta Bwana Kola anatoa amri ya mwisho. Alikuwa na homa, macho mekundu, koti lake limefungwa mpaka kidevuni. Kila kitu ghalani kichomwe, Mwingereza asikute hata uzi. Shaushi Marjani asimamie. Akaondoka kwenda stesheni.

Tukabeba makoti nje. Fundi Mwinshehe akawasha moto. Lilikuwa rundo kubwa, na ng'ambo ya ua, hatua chache tu, wale watu wamekaa nusu uchi wanatutazama tunavyojiandaa kuchoma nguo. Nikashindwa. Nikamwambia Shaushi mjomba wangu yuko pale, niruhusu nimpe moja.

Shaushi akatikisa kichwa. Nilidhani ni roho mbaya. Kumbe alikuwa amefikiri kuliko mimi.

"Ukimpa hiyo, umemwua," akasema. "Mwingereza akiona koti la kaki, vifungo, mabega yale, hatauliza. Atasema askari. Atapiga. Mimi ningepiga."

Moto ulikuwa umeshika kuni, unaanza kuunguruma. Fundi Mwinshehe alichukua koti moja juu ya rundo, akaligeuza huku na huku kama mteja sokoni. Kisha akachukua mkasi.

"Basi lisiwe la askari," akasema.

Akaifumua kola. Akakata vipande vya mabegani, akang'oa mifuko, akang'oa vifungo vya madini, kola na takataka zake zote akazitupa motoni. Lililobaki mkononi lilikuwa shati la mtu maskini, jeupe shingoni mahali kola ilipokuwa imezuia rangi. Akamwonyesha Shaushi. "Hili ungelipiga?"

Shaushi akalichukua, akalitazama mbele na nyuma. "Hili hapana," akasema. Akageuka akatazama barabara, akatupa mgongo, na hakugeuka tena.

Vijana, mmewahi kufumua? Mnafikiri kufumua ni kuvuta. Ukivuta kitambaa kibovu kama kile kinachanika bega zima. Lazima uingize ncha ya mkasi chini ya mshono, ukate uzi kila baada ya matundu machache ya sindano, upindue, ndipo uvute upande wa pili. Na sisi kwa mikono yetu tulikuwa tumezishona kola zile safu juu ya safu, kwa uzi wa nta, zisitoke milele. Nililaani kila safu. Nililaani turubai. Nililaani siku niliyojisifu kwamba kola yangu haifumuki. Mafundi wenzetu wakajiunga, hakuna aliyeambiwa, na ikawa watu wazima wamekaa chini karibu na moto wanabomoa kazi yao kwa haraka kuliko walivyowahi kuifanya. Vifungo tulivitupa kwenye moto mpaka vikaanza kulia. Mashati yakapita ng'ambo ya ua kwa mikono, mtu kwa mtu, na wale waliokuwa wamekaa wakaanza kusimama.

Hatukusikia farasi. Nilipoinua macho, Bwana Kola alikuwa amesimama juu yetu.

Mkono wangu ulikuwa na kola ndani yake. Fundi Mwinshehe alikuwa na koti limefumuliwa nusu mapajani. Hakujaribu kulificha. Nikakumbuka mgongo wake, nikajua safari hii haitakuwa viboko. Wakati ule watu walikuwa wananyongwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Fundi," Bwana Kola akasema. "Mimi nilisema choma."

"Tunachoma, bwana," Fundi akajibu. "Tumeanza na kola."

Bwana Kola akatazama moto. Akatazama ng'ambo, wale watu katika mashati ya njano, ya kahawia, ya rangi ile isiyo na jina. Akamwita aliye karibu, na aliye karibu alikuwa mjomba Kobelo. Mjomba akaja. Bwana Kola akaishika shingo ya shati lake, akapitisha kidole mahali kola ilipokatwa, akakagua mshono kama alivyokagua maelfu ya kola zetu. Akakuta uzi umebaki, unaning'inia. Akautoa yeye mwenyewe, kwa kucha.

"Nguo ya serikali ina kola," akasema, hakumwambia mtu yeyote hasa. "Hii si nguo ya serikali."

Akapanda farasi. Kabla hajaondoka akanitazama mimi, akaniambia kwa ukali, "Usichane. Kata uzi." Basi. Hata siku hiyo hakuweza kujizuia. Sikumwona tena, na sikusikia alipoishia.

Wapagazi walipakiwa mizigo wakaondoka mchana ule kuelekea milimani. Shaushi Marjani akaenda nao, koti lake limefungwa vifungo vyote. Waingereza walipoingia walikuta majivu. Haukupita muda wakaniita mimi na Fundi Mwinshehe, wakatupa cherehani na kaki mpya, wakasema wao wanataka kaptura, zifike juu ya goti. Fundi akauliza kama wameiloweka kaki. Wakasema muda hakuna. Fundi akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Mwezi uliofuata alipanda treni kurudi pwani, na hakushonea jeshi la mtu yeyote tena mpaka alipofariki.

Wengi wa wale watu wa uani hawakurudi. Nawaambieni hivyo kwa sababu ni kweli, na sitaki mdhani shati linazuia njaa au kuhara. Kuna nyumba huko juu ya Bigwa ambazo ziliwangoja mpaka zikachoka. Mjomba Kobelo alirudi baada ya vita kuondoka kabisa upande wetu. Mama alisikia mtu anabisha hodi, akatoka, hakumtambua. Mifupa na ndevu. Alituambia Waingereza walimkamata karibu na mto, wakamgeuza huku na huku, wakamtazama mabega na shingo, wakasema mpagazi. Hawakumpiga risasi. Wakampa mzigo wao, akaubeba mpaka wao nao walipomchoka. Alikuwa bado amelivaa lile shati. Halikuwa na rangi yoyote tena.

Tulimlisha uji. Alipopata nguvu ya kusema, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa hili.

"Hili shati nani alilishona? Mkono wa kulia unabana."

Nilichemka. Nimefumua kola ile, nimekaa chini nikisubiri kunyongwa, na huyu ananiletea habari za mkono. Nikataka kumwambia koti lile lilipimwa, lina nafasi ya kutosha kwa mtu wa mwili wake mara mbili, na sasa amekonda hata halimgusi. Nikamwambia alivue nilitazame. Akakataa kulivua. Basi nikaleta mkasi na sindano, nikapiga magoti nyuma yake, nikaanza kufumua kwapani hivyo hivyo akiwa amelivaa, nakata uzi, sichani.

Kitambaa kilipofunguka nikaona. Mkono haukuwa na kosa lolote. Bega lake la kulia, pale mizigo ilipokaa, lilikuwa limeota nundu kubwa kama ngumi, ngozi yake nyeusi na ngumu, na halikuwa linashuka tena kulingana na lenzake.

"Umeona?" akauliza. Alikuwa anatazama mbele, uji mkononi. "Mlibana."

"Nimeona, mjomba," nikamwambia. "Tulibana."

Nikakata kipande kwenye kanzu yangu, nikakiingiza pale kwapani, nikampigia bandi kwanza, mshono wa kushikiza tu, kisha nikashona polepole ili sindano isimguse, mpaka aliponiambia sasa anaweza kuinua mkono.